Kakakuona Alipochagua Panga

Kakakuona aliyapita mahindi bila hata kuyanusa.

Akalipita bakuli la maji.

Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye panga, akaliwekea mguu juu, akaanza kulilamba.

Mimi nimeshika simu, narekodi.

Wa kwetu hamhitaji maelezo. Kwa wengine ni hivi: kwetu Tukuyu, kakakuona akionekana, wazee wanamwekea vitu mbele yake. Akienda kwenye maji, mvua zipo. Akienda kwenye mahindi, mwaka wa kushiba. Akienda kwenye panga, damu.

Siku ya pili yake watu wakaja kumtafuta. Na aliyewaita ni mimi mwenyewe.

Ngoja niwapeleke taratibu, ingawa taratibu si kitu ninachokiweza.

Naitwa Tusekile. Nina diploma ya afya ya mifugo na ugonjwa mmoja usio na dawa: kutotulia. Mama anasema nilizaliwa nimeshavaa viatu. Kazi ya duka la dawa za mifugo Mbeya nilidumu nayo miezi minne. Ya Tunduma, miwili.

Nilipoona tangazo la kituo kimoja kidogo cha Lubumbashi, wanatafuta watu wa kujitolea kuuguza wanyama pori walionyang'anywa walanguzi, sikuuliza mara mbili. Kitanda na chakula juu yao, nauli juu yangu. Nikapanda basi, nikaikata Zambia yote, nikaingia Kongo kwa Kasumbalesa na begi moja.

Njiani nilijiona nambeba mtoto wa sokwe. Nilijiona nafukuzana na swala.

Nikapewa kakakuona.

Kituo kipo Kasungami, pembezoni mwa mji, mashamba huku, nyumba za tofali mbichi kule. Mwenye kituo ni Docteur Abigaïl, daktari wa wanyama, mwanamke asiyependa maneno mengi. Akanifungulia sanduku la mbao. Ndani kuna kitu kimejikunja kama kabichi la magamba.

"Eko na kilo tatu na nusu," akasema. "Akifika tano, tunamurudisha mu pori. Akikosa kufika, atakufa hapa hapa."

Hiyo ndiyo kazi yangu ikawa. Kilo moja na nusu.

Sasa, kakakuona hali cha kwenye sahani. Unamtoa nje, unamtembeza masaa manne kila alasiri, anatafuta sisimizi na mchwa mwenyewe. Na huyu wetu waya wa mtego ulimkata mguu wa mbele, kuchimba kulikuwa kunamshinda.

Wa kunifundisha alikuwa Papa Ruphin, mtu wa makamo aliyefanya kazi reli miaka mingi. Mnyama alimwita Madame.

"Kwa nini Madame, Papa?"

"Juu siye bote tunamungojea."

Na kweli. Madame hatua tatu, anasimama. Ananusa. Hatua mbili, anarudi alikotoka. Mimi miguu inawasha. Nilikuwa natangulia mbele, narudi, natangulia tena. Kila Papa Ruphin anapochuchumaa na panga lake kwenye kichuguu, mimi nimeshafika kichuguu kinachofuata, nampigia mluzi aje.

"Weye Tanzanienne, unakimbilia wapi? Kule mbele hakuna kintu."

Nacheka tu. Moyoni nimechoka hoi, na si kwa kutembea.

Sheria ya kituo ilikuwa moja: hakuna picha. Huku wanamwita nkaka, na magamba yake yana wanunuzi mpaka nchi za mbali. Docteur alinitazama machoni siku ya kwanza. "Picha moja tu, bantu ba magamba banakuya."

Nikasema sawa, Docteur.

Wiki ya tano Madame akafika kilo nne na nusu. Ikaingia simu kutoka Kasenga: shemeji yake Papa Ruphin amefariki. Akaaga kwenda msibani siku kumi.

"Usimuharakishe," akaniambia akifunga mfuko wake. "Na kila siku beba panga. Naiacha hapa ku mulango."

Siku ya kwanza nikalitazama lile panga. Ilikuwa Oktoba, mvua bado, nyasi zimekauka zote. Panga la kufyeka nini? Nikaliacha pale pale.

Peke yangu na Madame masaa manne, nilitaka kupasuka. Hakuna wa kuongea naye. Siku ya tatu nikaanza kubeba simu. Niwe mkweli, nilijua nakosea.

Ndipo sauti ya mama ikaingia kwenye grupu la familia.

"Tuse mwanangu, mwaka jana mvua zilituacha mikono kichwani. Mahindi tukanunua ya kula, sisi wakulima. Wewe unalala na kakakuona mwenyewe, halafu utuache tubahatishe mbegu? Muulize basi."

Shangazi akadakia: "Wengine wangekesha wanaomba bahati hiyo."

Nilikataa siku moja. Siku ya nne nikachota mahindi jikoni, nikaweka bakuli la maji, nikalichukua lile panga mlangoni, nikavipanga uani. Docteur alikuwa mjini.

Mengine mmeshayasoma hapo juu.

Nikatuma kwenye grupu. Hapo ningeishia, labda nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini kimbelembele changu kikanisukuma, nikaitupia na kwenye stetasi: "Laivu kutoka Kasungami, Lubumbashi."

Jibu la mama, neno kwa neno: "Panga, Tuse? Rudi nyumbani."

Usingizi ulinipaa.

Kesho yake asubuhi jirani yetu Mama Mwansa, mwanamke anayelima kabichi nyuma ya uzio wetu, akaniita kwa kidole. Akanionyesha simu yake. Video yangu hiyo, imeshapita kwa watu mpaka imerudi Kasungami.

"Hii mukono si ya kwako? Na hii mulango si ya Docteur?"

Mkononi nina bangili ya shanga za kijani. Nikaificha, kama vile inasaidia.

"Banaume babili balikuya hapa na pikipiki," akaendelea. "Bananiuliza nkaka eko wapi. Nikabaambia miye najua chou tu."

"Chou?"

"Kabichi, mwanangu. Enda umwambie Docteur."

Sikwenda.

Sijui niwaeleze vipi. Niliona aibu. Nilijiona naingia mwenyewe kwenye basi la kurudi, kazi ya tatu imenishinda. Nikajiambia wale watu watachoka, wataondoka.

Siku tatu sikumtoa Madame. Nikawa naizungukia nyumba ya kituo kama kuku anayetaka kutaga, nachungulia uzio, nasikia pikipiki hata pasipo na pikipiki. Jioni Docteur akiuliza, nasema ametembea vizuri. Usiku namsikia anakwaruza sanduku.

Siku ya kupima uzito, mimi ndiye niliyemweka kwenye mizani.

Kilo nne.

Docteur akapima tena. Kilo nne. Akamgusa mgongo, akaniangalia.

"Unamutembeza?"

Nikafungua mdomo nidanganye. Madame alikuwa amejikunjua pale juu ya mizani, ananinusa ile bangili, ulimi unaingia katikati ya shanga. Anatafuta chakula mkononi mwangu.

Nikalia. Nikasema yote, panga, stetasi, pikipiki, siku tatu.

Docteur akamrudisha Madame kwenye sanduku, taratibu, mpaka nikatamani anizabe kofi.

"Ungeniambia siku ya kwanza, ningekukaripia," akasema. "Leo sina na wakati ya kukukaripia."

Madame alitakiwa kuhama mchana ule ule, kwenda shamba moja lenye ukuta, upande wa pili wa Kasungami. Lakini gari la Docteur linajulikana, na ile pikipiki ilikuwa imeegeshwa njia panda tangu asubuhi.

Mama Mwansa ndiye aliyetuokoa. Alikuwa anapeleka kabichi sokoni kwa kinga, ndivyo wanavyoita baiskeli huku, haipandwi, inasukumwa, magunia juu mpaka huoni mbele. Sanduku dogo la Madame tukalifunga chini kabisa, tukapanga kabichi pembeni na juu. Docteur akatoka na gari lake tupu kwa njia nyingine ili wamtazame yeye.

Mama Mwansa ameshika usukani, mimi nasukuma nyuma.

Nilitaka kukimbia. Miguu yote inaniambia kimbia.

"Polepole," akanong'ona bila kugeuka. "Muntu wa chou hakimbiake."

Tulipofika njia panda, mmoja wa wale wawili alikuwa amelifuata gari. Mwingine amebaki, amekalia ukuta, amevaa kofia nyekundu. Akanyanyuka.

"Maman, ngoja. Nipatie chou moja."

Mama Mwansa akasimamisha kinga. Mimi nikainamisha kichwa, mkono wenye bangili nimeusukumia ndani ya gunia.

Yule mtu akaanza kubonyeza kabichi. Hii laini. Hii ndogo. Mkono unashuka. Unashuka tena. Nilikuwa nahesabu: kabichi mbili zaidi, na vidole vyake vitagonga ubao.

"Papa," Mama Mwansa akasema kwa uchovu, kama mtu aliyechoshwa na wateja tangu azaliwe. "Ya chini napelekea nguruwe. Imeoza. Weye unataka kula na nguruwe?"

Yule mtu akacheka. Akachukua ya juu, akalipa, akarudi kukaa.

Tukaendelea hatua tatu. Mama Mwansa akasimama kupumua. Hatua mbili, akasimama tena. Nusu saa kwa njia ya dakika kumi, na mgongo wangu wote umeloa jasho. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu nimetembea mwendo wa kakakuona bila kutangulia mbele.

Kule shambani Madame alikuwa hai. Mdhaifu, lakini hai.

Papa Ruphin akarudi kutoka Kasenga siku mbili baadaye. Nikamwonyesha ile video mwenyewe, sikusubiri asimuliwe. Nilitegemea hasira.

Akaitazama. Akairudia. Halafu akatoka nje, akarudi na panga lake, akaniwekea chini ya pua.

"Nusa."

Nikanusa. Udongo, na harufu kali ya mchwa.

"Kila siku nabomoleaka kichuguu na hii. Mukono yake iko mugonjwa, hawezi kuchimba. Mi nakata, ye anakula. Hukuonaka?"

Sikuonaga. Kila alipokata, mimi nilikuwa kichuguu cha mbele, napiga mluzi.

"Siku ine hakuna muntu amemukatia," akasema, taratibu, bila kunigombeza, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Weye ulimuuliza mambo ya mwaka. Ye alikuwa anatafuta sahani yake."

Nikaomba nipewe panga.

Docteur hakunifukuza. Alichukua simu yangu wiki sita, na mimi sikuidai. Kila alasiri, ndani ya ukuta wa lile shamba, nilichuchumaa kwenye kila kichuguu, nikakata, nikangoja, magoti yakaota sugu. Miguu iliwasha vile vile, sitawadanganya kwamba nilipona. Lakini niliiacha iwashe.

Kilo tano na robo, tukampeleka porini mbali na barabara. Alipofunguliwa, hatua tatu, akasimama. Tukamngoja sote. Kisha akaingia kwenye majani, hakugeuka.

Nilipopewa simu nikampigia mama.

"Lakini Tuse," akasema baada ya kunisikiliza mpaka mwisho, "si alisema kweli? Alichagua panga, na shari ikaja."

"Mama, shari ilikuja kwa pikipiki, na anwani niliwapa mimi. Yeye alikuwa na njala."



"Basi mbegu nipande?"

"Panda, mama."

Wanangu mnaosoma hapa, niliyojifunza Lubumbashi ni haya tu. Ukikabidhiwa kiumbe kisichoweza kusema, usikiulize kesho itakuwaje. Kiulize kimekula nini leo, halafu chuchumaa, ungoje jibu.