Ngazi Tatu za Mwisho

Nilipoolewa Mbeya, shangazi wa mume wangu alinikalisha jikoni akanisomea sheria. Mimi ni Mhehe wa Iringa, na kwetu mkwe anaheshimiwa vilevile, lakini hawa Wanyakyusa walituzidi. Baba mkwe nisimguse. Nisimtazame usoni. Nisimsemeshe. Nilipompigia mama yangu simu kulalamika, alinijibu maneno matatu tu: "Heshima si utumwa." Basi nikaheshimu, tena kwa kiburi. Nilitaka waseme yule wa kuja ana adabu kuliko binti zao, na kweli walisema.

Miaka ikapita, mzee akapata mtoto wa jicho. Alikuja kutibiwa Iringa, ambako mimi na mume wangu tulikuwa tumehamia, akapangiwa siku ya upasuaji, akasema anarudi kwanza Mbeya kuangalia migomba yake. Wiki mbili alizokaa tuliongea kupitia mlangoni, yeye sebuleni, mimi jikoni. Akitaka chai anamwambia binti yangu, binti ananiambia mimi, nami nimeshasikia zamani. Chai ikifika anasema "ndaga", asante ya kwao, kwa sauti kubwa kuliko chumba kinavyohitaji, ili inifikie. Nilikuwa nacheka peke yangu kwenye sufuria. Nilimpenda yule mzee. Hilo shangazi hakulikataza.

Siku ya safari tulifika stendi alfajiri, giza bado, baridi ya kukata masikio. Kutoka ukumbi wa abiria hadi kwenye mabasi kuna ngazi ndefu, na reli yake ya chuma ya kushikilia ina mkanda wa taa nyeupe kwa chini, unaomulika pale mguu unapokanyaga. Macho ya mzee yalikuwa yamebaki kutofautisha mwanga na giza tu, lakini mstari ule aliuona. Alifurahi kama mtoto.

"Leo serikali imenishika mkono," akamwambia mwanawe.

"Fuata taa tu, baba, itakufikisha chini," mume wangu akasema, akatangulia na mabegi kuwahi buti la basi.

Mzee akaanza kushuka. Mimi nikamfuata hatua nne nyuma, macho chini, kama nilivyofundishwa.

Taa haikumfikisha. Reli na mkanda wake viliishia kabla ya ngazi tatu za mwisho. Sijui mafundi waliishiwa chuma au walichoka. Mimi niliziona zile ngazi, na nilijua yeye hazioni. Mkono wake ulifika mwisho wa chuma, ukapapasa hewani, ukabaki hapo. Alisimama kitambo kirefu. Ningeweza kusema neno moja. Ningeweza kumshika kiwiko. Badala yake niligeuza shingo huku na huku nikitafuta mwanamume wa kunisaidia, mpiga debe, abiria, yeyote yule. Nilipofumbua mdomo nimwite mume wangu, mzee alikuwa ameshainua mguu.

Alivunjika nyonga. Waliomwinua ni watu wasiomjua, na mimi nimesimama palepale na khanga mdomoni.

Macho yalitibiwa baadaye, yakapona vizuri. Miguu ndiyo haikurudi. Migomba yake sasa anaitazama akiwa kwenye kiti. Kwenye kikao cha ukoo shangazi alinisifu mbele ya watu: hata siku ile, alisema, mkamwana wetu hakuvunja mila. Sijawahi kuchukia sifa kama ile.

Mwaka huu tulikwenda kumsalimu. Nikiwa jikoni namenya ndizi, nilimsikia sebuleni akimwita mjukuu wake, akimpa ujumbe taratibu, kama zamani.

"Kamwambie mama yako, siku ile pale chuma kilipoisha, nilisikia viatu vyake nyuma yangu. Ule mkono nilikuwa nimemnyooshea yeye."

Binti akaja mlangoni. "Mama, babu anasema..."

"Nimesikia," nikamjibu.

Na hata hapo sikutoka jikoni.