Siti ya Masele

Ukifika Ilemela, upande ule wa mawe yanayotazama ziwa, ulizia nyumba ya Mama Dorotea. Wapangaji wake ni vijana, na wanapenda sana kumchokoza. "Mama, wenzako wote waliondoka, wewe ulibaki Mwanza kufanya nini?" Naye huwajibu bila kuinua macho kwenye dagaa anaochambua kwamba siku ile treni ilijaa. Vijana hucheka mpaka basi. Haya, na wacheke, hawajui kitu.

Mwaka wa tisini na tano Dorotea alikuwa na miaka ishirini na tatu, na kwa kukata minofu ya sangara hakuwa na mpinzani. Kazi hiyo aliipata baada ya kupunguzwa kwenye kiwanda cha nguo kule Nyakato, mashine zilipoanza kusimama moja baada ya nyingine na majina yakabandikwa getini. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi moja na la Masele, kijana wa mitambo, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Masele alikuwa mchumba wake. Hakuna aliyewatangaza, lakini mtaa mzima ulijua.

Ah, jioni za Nyakato za miaka ile! Nyuma ya nyumba za wafanyakazi kulikuwa na jiwe kubwa, bapa, linalohifadhi joto la jua, na hapo ndipo vijana walipokuwa wakikusanyika na karanga zao za kukaanga. Harufu ya mbegu za pamba ilikuwa ikitoka viwandani mpaka inaingia kwenye nguo. Mambo yalikuwa ruksa, kila mtu anauza kitu, na maongezi yalikuwa mamoja tu: uishi mji gani? Shaibu akitetea Arusha na mawe yake ya thamani utadhani ameshayachimba. Evelina akisema yeye ni Kampala, meli ipo, kuna nini cha kujadili? Masele yeye alikuwa Dar, piga ua. Alikuwa na binamu anayeuza mitumba Kariakoo, na alivyoisimulia Kariakoo ungeapa amezaliwa pale, kumbe hajawahi kuvuka Tabora.

"Na wewe Dorotea?" walikuwa wakimuuliza.

"Mimi bado nafikiri," anajibu, na wote wanamzomea. Siku hizi akikumbuka kuzomewa kule anatabasamu peke yake. Angetoa chochote azomewe tena na watu walewale.

Shaibu akaondoka, Evelina naye akaondoka. Siku moja Masele akamwonyesha Dorotea tiketi ya daraja la tatu. "Natangulia," akamwambia. "Ukiniambia ndiyo, natafuta chumba, miezi miwili unanifuata. Ukiniambia hapana, nitajua. Ila nipe jibu kabla sijaondoka, nisiende huko na moyo nusu."

Wiki nzima Dorotea hakulala vizuri. Alimpenda Masele, hilo hakujidanganya. Lakini kila alipojaribu kujiona Dar hakujiona, na kila alipojaribu kuiona Mwanza bila Masele, nayo hakuiona. Akakata shauri moja tu: jibu angempa siku ya safari, Masele akishakaa kwenye siti.

Sasa lazima nikueleze habari ya siti. Treni ya kwenda Dar ilikuwa safari ya siku mbili, na tiketi zilikuwa nyingi kuliko viti. Kwa hiyo msafiri wa Mwanza hakwenda stesheni bila mtu wa kumshikia siti. Mtu huyo alitakiwa awe mwembamba, mwepesi, asiye na aibu, kwa sababu mlangoni hapakupitika. Alirushwa dirishani, akatua, akakaa, akatanua khanga, na hapo hakuna kubanduka mpaka mwenyewe afike. Hata ungemwambia nyumba yake inaungua, angekujibu ngoja kwanza. Dorotea alikuwa bingwa wa kazi hiyo, alishawashikia nusu ya mtaa.

Siku hiyo treni ilichelewa tangu asubuhi, ikaingia alasiri, na watu wakaivamia. Masele akamwinua Dorotea kiunoni, akampitisha dirishani, kisha akazunguka na begi lake kwenda mlangoni. Dorotea akapata siti nzuri, ya dirishani. Pembeni yake akakaa mama mmoja mtu mzima, Wilhelmina, anayekwenda Tabora kumuona mwanawe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba binti. Unakwenda wapi?"

"Siendi. Nashikilia."

Mama akacheka. Dorotea hakucheka, alikuwa akipanga maneno yake. Alikuwa ameshafika kwenye "Masele, nisikilize," pale honi ilipolia na behewa likashtuka. Alipochungulia nje alimwona Masele mlangoni, amebanwa na watu na magunia, begi liko juu ya kichwa. Treni ikaanza kutambaa. Masele akatoka kwenye ule msongamano, akakimbia sambamba na dirisha, mkono ameunyoosha, mpaka jukwaa likamwishia. Akasimama.

"Yesu wangu!" akasema Dorotea. Behewa zima likaangua kicheko.

Wilhelmina peke yake ndiye aliyemsemesha kama mtu. "Yule ni mumeo?"

"Bado, mama."

"Basi kaa hapo hapo. Mkaguzi akija utakata tiketi kwake, ikipungua tutakuchangia. Utashuka na mimi Tabora, mwanangu atakupa pa kulala, na treni ya Ijumaa itamleta huyo mwanaume wako. Si alikuwa anakwenda? Mtakwenda wote."

Lilikuwa shauri la maana kabisa, na Dorotea alijua hivyo. Akakaa. Mawe ya Mwanza yakapita, mashamba ya pamba yakaanza, na ziwa likabaki nyuma, likawa mstari, kisha halikuonekana tena. Hapo akaanza kulia, na alilia hasa, si machozi ya kufuta na kidole. Treni ilipopunguza mwendo kwenye stesheni ya Fela, alisimama ashuke. Kabla hajanyoosha miguu, mtu alikuwa ameshaikalia ile siti.

Alipata lifti ya lori la pamba, akarudi Nyakato juu ya marobota, nywele zimejaa nyuzi nyeupe. Jua lilikuwa linazama alipomkuta Masele amekaa kwenye kizingiti cha mlango wake, begi katikati ya miguu.

Masele alipomwona alifumba macho. "Umeshuka," akasema.

"Nimeshuka. Siti imeshachukuliwa, unisamehe, sikuweza..."

"Nani anazungumzia siti, Dorotea? Tangu nirudi kutoka stesheni nimekaa hapa nakuombea usishuke. Nimeshazungumza nao kule, tiketi yangu watanibadilishia kwa Ijumaa. Nikasema sasa lile jibu limejitoa lenyewe, umebebwa, ningekukuta mbele, tukaanza maisha."

"Sikuwa na tiketi, Masele."

"Tiketi wanakata humo humo ndani. Hata mtoto anajua."

Dorotea angeweza kutafuta sababu nyingine: khanga moja, viatu vya kandambili, zamu ya asubuhi kiwanda cha samaki. Hakutafuta. Akakaa kando yake kwenye kizingiti, mabega yakagusana.

"Nilitaka kuja," akasema. "Nakupenda, wala usije ukafikiri vingine. Ila ziwa lilipopotea nilijua siwezi. Nilijaribu, wallahi nilijaribu kukaa."

Masele akaanza kumtoa nyuzi za pamba kichwani, moja moja. Alipomaliza alisimama na begi lake.

"Dar nimeiota tangu nikiwa darasa la tano," akasema. "Nisipokwenda sasa nitakuja kukulaumu uzeeni, nami sitaki kuwa mzee wa namna hiyo. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Ijumaa usije stesheni. Ukinishikia siti tena, mimi sitapanda. Nitakushusha tu, turudi nyumbani."

Ijumaa Dorotea aliamka mapema, akaoga, akavaa gauni lake la kanisani. Alikaa kitandani na gauni hilo tangu asubuhi mpaka aliposikia kwa mbali honi ya treni ikiondoka. Muda wote huo alikuwa na nafasi ya kutosha ya kwenda kumzuia, na hakuna kitu alichokitaka zaidi duniani. Hakwenda.