Safari ya Kufuata Kitovu Johannesburg

Baba yangu aliitwa Asukulu, mfua vyuma. Mama yangu aliitwa Mwangaza. Walinizaa katika mji wa Baraka, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika. Shule sikuingia, kwa hiyo wewe, mjukuu wangu Furaha, andika ninavyosema, usirembe.

Nilisafiri kwa sababu shangazi yako Neema alijifungua mtoto wa kiume Johannesburg, na kwetu kitovu cha mtoto kikidondoka huzikwa nyumbani. Kikipotea, mtoto hana mahali pa kurudi. Babu yako alinituma nikilete.

Kutoka Baraka nilivuka kwa boti hadi Kigoma, Tanzania. Baada ya hapo yalikuwa mabasi tu, kupitia Zambia na Zimbabwe, hadi miguu ikavimba. Kwenye mpaka wa mwisho askari aliniuliza ninafuata nini. Nilimjibu, “Mjukuu.” Kitovu sikukitaja.

Huko Bertrams, mtaa wa Johannesburg, Neema amepanga chumba katika nyumba kubwa ya matofali. Anayeitunza ni mwanamke wa Kichina ambaye wapangaji humwita Mama Lin. Hufagia vyumba vyote na kushika funguo zote, na Kiswahili amekiokota kwa wapangaji Wakongo. Jikoni ana rafu yenye picha za wazazi wake waliofariki, machungwa, na vijiti vya udi.

“Mjukuu wangu analala katika nyumba ya mizimu?” nilimuuliza Neema.

“Mama, polepole. Tukifukuzwa hapa tutakwenda wapi?”

Siku hiyohiyo nilimwandalia Neema maji ya kuoga. Mama Lin akalishika beseni. “Bibi, kichwa hapana! Mzazi kuosha kichwa, upepo anaingia.”

“Huyu nimemzaa mimi.”

“Umezaa wewe. Anaumwa, nauguza mimi.”

Asubuhi iliyofuata kitovu kilikuwa kimetoweka. Kilidondoka kabla sijafika, nami nilikuwa nimekifunga kwa pamba na kukiweka dirishani. Sasa chumba kilikuwa kimefagiliwa. Niliteremka jikoni. Kilikuwa rafuni, mbele ya picha za wafu, ndani ya karatasi nyekundu iliyofunuliwa kidogo, na udi ulikuwa ukifuka.

“Mchawi! Umewapa mizimu yako mjukuu wangu!”

Neema alikuja mbio, mtoto kifuani. “Mama, nakuomba!”

Mama Lin hakupaza sauti. “Dirishani panya anapita. Panya anakula kitovu, wewe unalia. Kwetu mama anaweka kitovu, mtoto anakuwa mkubwa, anapewa. Nimeambia mama yangu alinde.”

“Wafu hawalindi. Mungu peke yake ndiye mlinzi.”

“Sawa. Wewe unapeleka wapi?”

“Nyumbani, penye makaburi ya wazee wetu.”

“Kwa nini? Mungu yako hajui Johannesburg?”

Neema aliinama kuficha kicheko. Mimi sikucheka. Nilinyoosha mikono. Mama Lin akanikabidhi kitovu kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha.

Sikumwomba radhi, wala yeye hakuniomba. Jioni alimletea Neema supu ya tangawizi. Niliionja kwanza, kisha nikamruhusu anywe. Kichwa Neema hakukiosha hadi nilipoondoka.

Njia nzima ya kurudi nilikibeba kifuani, ndani ya karatasi ileile. Nilikwenda nikiamini kwamba mimi nina dini na yule ana ushirikina. Nimerudi nikijua kwamba sote wawili tulikuwa na hofu kwa ajili ya mtoto mmoja.

Kitovu nimekizika karibu na kaburi la baba yangu. Babu yako anapajua. Karatasi nyekundu imo ndani ya kitenge changu cha kanisani. Itunze wewe. Mtoto wa Neema akija, mwonyeshe mahali, mpe karatasi, umtajie jina la Mama Lin. Mchungaji akiuliza kwa nini tunaiweka, usimjibu. Mlete kwangu.