Perege Waliopinda Ndooni

Tupokigwe alipaa samaki sokoni Chimala kwa miaka kumi na tisa. Kisu chake kilikuwa chepesi, na alijua kulinyoosha pezi la samaki bila kulichana. Ndiyo sababu Daktari Fanueli Kalinga, mtafiti aliyekuja na gari jeupe, alimchagua yeye katika wanawake wote wa soko lile.

Daktari alitaka kujua kama perege wa Mto Igunda wana umbo moja na perege wa bwawa la Mtera. Akampeleka Tupokigwe Iringa mjini, kwenye chumba cha kukodi chenye meza ndefu na kompyuta mbili. Kazi yenyewe aliishika ndani ya wiki moja. Unamlaza samaki ubavu, unamtandaza mapezi kwa pini, unampiga picha na rula pembeni. Kisha kwenye kompyuta unaweka nukta kumi na tano: ncha ya mdomo, jicho, pezi la mgongo linapoanzia, shina la mkia, hivyo hivyo mpaka umzunguke. Kompyuta inawaweka samaki wote mmoja juu ya mwingine, haijali mkubwa wala mdogo, wala nani kalala upande gani. Linalobaki ni umbo tu.

"Wewe mama una jicho," Daktari alimwambia. "Wanafunzi wangu hawakuwezi."

Tupokigwe alitabasamu siku nzima. Aliishia darasa la saba, na hakuna mtu aliyewahi kumfananisha na wanafunzi wa chuo akamweka juu.

Majibu yalipotoka, perege wa Mtera walijikusanya upande mmoja wa kioo cha kompyuta, wa Igunda upande mwingine, hata hawakugusana. Daktari alipiga makofi. Tupokigwe hakupiga. Alirudi kwenye picha za Igunda, akazitazama moja moja. Migongo ile ilikuwa na nundu. Mikia ilikuwa imeinamia chini. Akakumbuka siku walipokwenda Igunda kuchukua samaki, mvua ikitishia, sanduku refu la barafu walimolazwa wale wa Mtera limebaki hukohuko Mtera. Daktari alikuwa na ndoo moja tu ya fomalini, dawa inayohifadhi samaki na kuwakakamaza. "Shindilia tu, mama, tuondoke." Naye akashindilia, kwa mikono yake, perege sitini wamejikunja kama ndizi. Wakakakamaa vilevile.

"Daktari, hawa hawakuzaliwa hivi. Wamepinda ndooni."

"Tumechukua sitini, mama. Sitini hawawezi kupinda wote."

"Ndoo ilikuwa moja."

Daktari alifunga kompyuta taratibu. "Wewe weka nukta. Kusoma maana yake niachie mimi."

Mkataba wa Tupokigwe ukaisha mwezi ule, haukuongezwa.

Aliporudi nyumbani alimweleza mdogo wake, Ezekia, aliyekuwa mvuvi wa Igunda. Ezekia akamvulia perege kumi wabichi. Tupokigwe akawalaza wakiwa wamenyooka juu ya ubao, hakuna mwenye nundu, akawapiga picha kwa simu, akamtumia Daktari. Jibu lilikuja baada ya siku nne: "Asante mama. Andiko la utafiti limeshakubaliwa na jarida."

Mwaka uliofuata maofisa waliitisha mkutano kijijini. Perege wa Igunda, walisema, ni wa namna yake, hapatikani kwingine, hivyo kilomita nane za mto zinafungwa. Nyavu zisalimishwe. Daktari naye alikuwepo, amevaa kofia mpya. Aliposhika kipaza sauti, alimnyooshea Tupokigwe mkono. "Na tumshukuru dada yenu huyu. Kila nukta ameiweka yeye."

Watu wakageuka kumtazama. Tupokigwe akasimama. "Samaki wale walipinda. Niliwashindilia mimi mwenyewe. Wa kwetu na wa Mtera ni walewale!"

Wengine wakacheka. Ofisa mmoja akasema kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa, "Mama, sasa tumsikilize nani, wewe au sayansi?"

Walipofika nyumbani, Ezekia alizikunja nyavu zake. Mwisho akauliza, "Dada, siku ile ya ndoo, kwa nini hukukataa?"

"Alikuwa Daktari, Ezekia."

"Na mimi nilikuwa nani?"

Wiki ile Ezekia alipanda gari la Makongolosi kwenda kuchimba dhahabu, kazi asiyoijua. Hapigi simu. Mkewe, wakikutana na Tupokigwe kisimani, humpisha njia kama mtu anayepisha punda.

Siku hizi Tupokigwe anauza nyanya. Wateja wa zamani wakimuuliza kwa nini kaacha samaki, huwaambia vidole vinamuuma. Mwezi uliopita gari jeupe lilipita tena sokoni, na kijana mmoja akashuka kuuliza nani anajua kunyoosha mapezi. Wanawake wakamwonyesha Tupokigwe. Akaendelea kupanga nyanya zake, hakuinua kichwa, mpaka kijana akachoka kusimama.