Tumaini Alinifuata Ng'ambo

Usiku ule mvua ilikatika ghafla, na ukimya uliobaki ndio ulionipeleka usingizini. Tulikuwa Madagaska, kikundi kidogo kutoka usharika wetu wa Njombe, tumekwenda kwa muda mfupi tu kuhubiri na kuezeka upya kanisa la kijiji kimoja kilichozungukwa na mashamba ya mpunga. Sisi wanawake tulilala katika chumba cha shule ya Jumapili, magodoro yamepangwa ukutani.

Mchana wa siku hiyo Mchungaji wetu, aliyekuwa kiongozi wa safari, alimwombea msichana mmoja aitwaye Soa. Kifafa kilikuwa kikimwandama tangu akiwa mdogo. Mama yake alimleta mbele ya madhabahu, mkononi ameshika kopo la vidonge walivyopewa zahanati. Mchungaji alimwekea mtoto mikono kichwani, akaomba mpaka shati likamganda mgongoni kwa jasho. Kisha akasema, na mkalimani wetu Mama Lalao, Mmalagasi aliyewahi kuishi Mtwara, akatafsiri:

"Umepona. Hivi vidonge huvihitaji tena."

Mama yule akatoka nje, akavimwaga vyote kwenye tope. Watu wakaimba. Nami niliimba, ila macho yangu yalibaki kwenye vile vidonge, kwa sababu ya Tumaini.

Tumaini alikuwa rafiki yangu wa bweni tulipokuwa sekondari. Yeye kitanda cha chini, mimi cha juu. Alikuwa na ugonjwa ule ule. Likizo moja mtu alipita kwao akamwombea, akawaambia amepona, nyumbani wakaacha kumpa dawa. Shule ilipofunguliwa hakurudi. Alianguka kifafa akichota maji, akafa maji kwenye kijito cha nyuma ya nyumba yao, kijito ambacho hata mtoto wa chekechea anavuka bila kukunja nguo.

Sikuwahi kumwota hata mara moja. Usiku ule akaja.

Nilijiona niko bwenini, nimekaa kitandani kwangu juu, miguu inaning'inia. Nilisikia mtu anatandika kitanda cha chini. Nikaona aibu kuinama kumtazama, sijui kwa nini. Nilipoinama hapakuwa na kitanda tena, palikuwa na sakafu ya lile kanisa la Madagaska, na watu wote wamesimama wamenipa mgongo, wanaimba. Midomo siioni, sauti naisikia. Mlango uko wazi. Nje, kwenye tope, Tumaini amechuchumaa na sweta lake la shule, anaokota vidonge. Anakifuta kimoja kwenye sweta, anakiweka kiganjani, kinayeyuka. Anaokota kingine, nacho kinayeyuka. Maji meupe kama maziwa yanamtiririka katikati ya vidole.

Nataka kumwita jina. Yeye ananiwahi, bila kuinua kichwa.

"Agi, hapa wanachota maji wapi?"

Sitaki kujibu. Najua kabisa kwamba sitakiwi kujibu. Lakini mkono wangu unainuka wenyewe, unaonyesha kule chini mtoni.

Anasimama. Soa yuko kando yake, amebeba ndoo, na wameshikana mikono kama watu waliozoeana siku nyingi. Wanapita juu ya kingo za majaruba, huku maji ya mpunga, huku maji ya mpunga. Nawafuata. Kila nikikanyaga, udongo unanivuta miguu. Nageuka kumwita Mchungaji, lakini kanisa limekuwa mbali, dogo, na bado wanaimba, na hakuna anayegeuka.

Mtoni wamekaa wasichana wengi. Wamejipanga ukingoni, ndoo zao wamezigeuza chini juu, hawaongei, hawachezi. Nywele zao zimeloa. Tumaini anakaa kati yao, na kando yake anaacha nafasi ya mtu mmoja, anaipangusa kwa kiganja.

"Hapo anakaa nani?" namuuliza, na sauti yangu ni ya mtoto.

Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa umechoka.

"Sikuja kumchukua Soa," alisema. "Nimekuja kukuita wewe. Mimi sikuwa na wa kuniitia mtu."

Soa amekwisha kuingia majini. Ndoo inaelea peke yake.

"Amka, Agi."

Nikaamka nimekaa, shuka limenizonga shingoni. Kulikuwa kumepambazuka. Nje nilisikia ndoo zikigongana na wanawake wakiongea njiani. Nikamtikisa Mama Lalao.

"Mama Lalao, Soa huwa anachota maji?"

"Kuna nini, Dada Agnesi?"

"Nijibu, mama. Anachota?"

Alinitazama usoni, akaanza kutafuta kandambili zake.

Mchungaji alikuwa nje anapiga mswaki. "Vipi tena, Dada Agnesi?" Nikamwambia aje. Nadhani ni sauti yangu iliyomfanya aache mswaki juu ya ukuta na kutufuata bila kuuliza.

Mama yake Soa tulimkuta mlangoni kwake, anapepeta mchele, ana furaha. Mama Lalao alimuuliza Soa yuko wapi, akamsikiliza, kisha akatugeukia.

"Anasema miaka yote hajawahi kumruhusu kwenda mtoni peke yake. Leo amemruhusu. Kwa sababu amepona."

Tulikimbia. Niliiona ndoo kwanza, kisha gauni. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye maji ya pembeni, mikono ikirukaruka. Mchungaji aliingia na viatu, akamwinua kwapani, akamtoa. Nikamlaza ubavu, nikamfungua kifungo cha shingoni. Hakupumua. Nikampiga mgongoni, nikampiga tena. Akatapika maji, akavuta pumzi kwa mlio ambao sitausahau, na nyuma yetu mama yake akaanza kupiga mayowe.

Mchungaji alipiga magoti kwenye mchanga. Halafu akamwambia Mama Lalao, "Mwambie mama nimekosea. Mungu anisamehe. Twende zahanati sasa hivi." Akambeba mtoto mwenyewe mgongoni.

Njiani mama yule alinishika mkono, akauliza jambo kwa sauti ndogo. Mama Lalao akatafsiri:

"Anauliza kama Mungu atakasirika akirudi kumpa vidonge."

"Mwambie hapana," nilisema. "Mwambie ampe leo. Ampe na kesho. Na sisi tukishaondoka, aendelee kumpa."