Kucha nyekundu sokoni Kamwokya

Leo nimewatambua kuku wangu kwa kucha zao.

Ni wale ambao mama mkwe alitupatia kama zawadi ya harusi.

Mume wangu, Opio, alitaka kuwatoboa ngozi ya katikati ya vidole vya miguu, iwe alama wakiibwa. Nikamwambia, mpenzi, utawaumiza. Nikawapaka kucha rangi ileile niliyopaka mimi siku ya harusi. Yeye anawashika, mimi napaka, tunacheka. (Jamani, nampenda huyu mtu.)

Leo asubuhi tukakuta banda letu limevunjwa.

Tukawatafuta hadi soko la Kamwokya. Mama mmoja alikuwa anauza miguu ya kuku kwenye beseni.

Kucha nyekundu.

“Mama, hawa ni kuku wangu.”

“Nyabo, dada yangu, mimi naletewa miguu tu. Kuku wenyewe wameshaenda hotelini.” Akaniangalia vidole, navyo vina rangi ileile. “Kumbe ni wewe unayepeleka kuku saluni?”

Watu wakacheka. Mimi nikalia palepale.

Opio hakunilaumu hata kidogo. Alinishika mkono tu mpaka nyumbani Kyebando.

Sasa kwenye kiota kuna mayai ambayo mmoja wao alikuwa anayaatamia. Opio ameyafunika kwa sweta lake.

Mnaofuga, niambieni ukweli: mayai yakiwa yamepoa tangu asubuhi, vifaranga bado wako hai ndani?