Alama Moja ya Imali

Mtanisamehe kwanza kwa mwandiko wangu, maana herufi zangu hulala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na pengine nitakosea tahajia. Niliishia darasa la nane, na ukurasa mmoja hunichukua jioni nzima. Lakini kila mavuno yakifika hapa Lumakanda, harufu ya mahindi yaliyoanikwa juani, tamu kidogo na yenye vumbi linalowasha koo, hunirudisha kwenye mwaka mmoja wa miaka ya tisini, nilipokuwa darasa la saba. Mawazo yangu huanza kugombana, na sijui nimpe nani haki. Nimeona afadhali niyaweke kwenye karatasi.

Kwetu mahindi yalikuwa kazi ya kila mtu. Asubuhi tulitandika turubai uani, tukamwaga punje, kisha tukapita juu yake bila viatu tukizigeuza kwa vidole vya miguu, na wingu likionekana upande wa mlimani tuliacha hata chakula tukakimbia kuyazoa. Baba alipima ukavu kwa meno. Aliuma punje moja, akasikiliza, na ikilia kama kijiti kinachovunjika alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alikuwa na sababu ya kuogopa. Kule ghalani tulikouzia, mpimaji alichoma kila gunia kwa chuma chenye ncha, na lililokuwa na unyevu lilirudishwa, kwa sababu gunia moja bichi hupata joto, huota kuvu na kuyaharibu mengine. Mwaka uliotangulia Baba alirudishiwa magunia yote. Mkokoteni wa ng'ombe ulipita sokoni ukiwa umejaa vilevile ulivyokwenda, watu wakitazama. Tangu siku hiyo niliamini Baba aliogopa kurudishwa kuliko alivyoogopa njaa.

Katikati ya kazi hiyo ndipo barua ya dada yangu ilipofika. Imali alikuwa amemaliza kidato cha nne zaidi ya mwaka mmoja nyuma, maana enzi hizo waliopita mtihani walikaa nyumbani muda mrefu wakingoja kuitwa. Barua ilisema amepata nafasi chuo kikuu. Ndani yake mlikuwa na fomu ya kukubali, ambayo mzazi alipaswa kuitia sahihi na kuifikisha posta kabla ya Ijumaa ya wiki iliyofuata, la sivyo nafasi ingepewa mwingine. Mama alikaa chini pale pale mlangoni akacheka peke yake. Baba aliisoma mara tatu, akaikunja, akaiweka mfukoni, na siku mbili nzima alitembea nayo akiwasimulia watu.

Siku ya tatu alikuja jirani yetu, Mzee Wekesa, kutusaidia kupura. Kijana wake Wanyonyi alikuwa amefanya mtihani mwaka mmoja na Imali, akapata alama zile zile, lakini yeye hakuitwa.

"Nasikia wako ameingia na ile alama ya wasichana," Wekesa alisema, fimbo ikiendelea kushuka kwenye magunzi.

"Alama gani?"

"Wasichana wanapunguziwanga alama moja ya kuingilia. Wangu angevaa sketi, leo tungekuwa tunakunywa chai mbili."

Watu walicheka, na hata yeye alicheka, ila niliona hakumtazama Imali. Baba hakucheka. Aliweka fimbo chini akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Jioni Mama alipompelekea Baba kalamu, aliikataa. "Huyu wamemchukua akiwa na unyevu," alisema. "Akifika kule watampima tena, watamrudisha. Mimi nitapita tena pale sokoni?" Imali alikuwa akigeuza mahindi. Miguu yake iliendelea kwenda na kurudi juu ya turubai hata pale ambapo palikuwa pameshageuzwa. Mimi nilisimama nimeshika ufagio, nimechanganyikiwa. Nilimwamini Baba kuhusu unyevu, kwani tangu yale magunia meno yake hayakuwa yamekosea tena. Nilimwonea huruma Wanyonyi pia, aliyesoma kwa kibatari kama sisi. Lakini Imali nilimpenda, na sikujua mambo matatu kama hayo yanakaaje ndani ya kifua kimoja.

Jumatano alifika Senge, ndivyo tunavyomwita shangazi, dada mkubwa wa Baba, kutoka Maragoli. Hakuwahi kwenda shule, na alizungumza polepole kama mtu anayechambua mboga. Mama alimweleza yote wakiwa jikoni. Senge alimaliza obusuma, ugali wetu, akanawa, akamfuata Baba uani.

"Ndugu yangu, shamba hili ulilinunua?"

"Dada, unajua ni la skimu, serikali ilitugawia."

"Najua. Nakuuliza. Siku ile wanagawa, walitafuta mkulima hodari?"

Baba aliokota punje moja akaiuma.

"Walitafuta asiye na shamba. Kule kwetu ulikuwa unalima mahali pa kuanika shuka moja. Jembe lenyewe ulikuja nalo la kwangu, na hujanirudishia. Kuna mtu alikuita mbichi?"

"Hiyo ni tofauti."

"Nyani haoni kundule," Senge alisema. "Ulichukua, na njiani ukaimba. Sasa uliza huyu mtoto alama moja yake ilipotelea wapi. Kila likizo nikija hapa namkuta ama mtoni ama jikoni. Wanyonyi nilimkuta amekaa na kitabu, dada zake wakimpelekea maji ya kuoga."

Baba aliitia sahihi fomu Alhamisi asubuhi, akiwa amesimama. Imali aliipeleka posta kwa miguu. Wiki kadhaa baadaye aliondoka na sanduku la bati, na hakuna aliyemrudisha. Leo anafundisha shule ya sekondari mbali na hapa, na Baba humtaja katika kila mazungumzo, hata ya ng'ombe.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini mimi nilikuwa na njaa na bado sikumjua mwenzangu. Maneno ya Senge yalinichoma kwa sababu mtoni ilikuwa zamu yangu. Niliogopa ile njia ya kichakani, na jioni nilisingizia tumbo, naye Imali aliweka kalamu chini akachukua mtungi wangu juu ya wake, mwaka ule ule wa mtihani wake. Labda alama ile niliichukua mimi. Alipoondoka, mitungi yote ikawa yangu, na jiko, na turubai. Nilifanya mtihani wa darasa la nane mikono ikinuka moshi. Nilipita, si sana. Baba alisema ningoje Imali amalize, kwani nyumba yetu haikuweza kuwasomesha wawili. Nilingoja. Alipomaliza nilikuwa nimekuwa mkubwa kuliko madawati, na hakuna aliyelitaja tena, hata mimi, kwa sababu niliona aibu kuomba.

Siku hizi wasichana wengi wa hapa huenda chuo, na nafurahi, nasema kweli. Juzi alipita wa jirani na begi la magurudumu, tukamsindikiza hadi barabarani. Imali hunitumia vitabu, nami huvisoma hadi mwisho. Mwaka jana aliniambia nirudi shule ya watu wazima, atanilipia. Sijamjibu. Siku nyingine naona ni haki yangu, siku nyingine naona mtu aliyemkosesha dada yake alama hawezi kwenda kudai yake. Na Wanyonyi, anayekata miwa Matungu, naye amdai nani? Ninyi mnaosoma haya, kama kwenu palikuwa na watoto wawili na nafasi moja, niandikieni yule aliyebaki alifanya nini baadaye, na kama alikwenda alipoitwa akiwa amechelewa. Barua fupi inatosha. Imali anataka jibu kabla shule hazijafunguliwa Januari.